UZI: Siku moja kwenye barabara ya pwani Japani, Hagi mpaka Shimonoseki, na kaburi la nyangumi linalopitwa na wengi

#1 Mwenye uzi

Wakuu, salaam. Wakubwa zangu shikamooni.

Nyuzi za Japani humu zipo nyingi, na karibu zote zinapita njia moja: Tokyo, Kyoto, mlima Fuji, Shinkansen (treni zao za kasi), basi. Sina ugomvi nazo, nami nilianzia huko huko. Ila mimi ni mtoto wa Pangani, mtoto wa mvuvi, na miaka mitatu niliyokaa huku sehemu iliyonigusa kuliko zote ni pwani ya kaskazini ya mkoa wa Yamaguchi, kule ncha ya magharibi ya kisiwa kikuu cha Honshu. Shinkansen inapita upande wa pili, upande wa kusini. Huku kuna barabara namba 191, reli ya njia moja yenye treni chache, na bahari.

Mdogo wangu wa kiume alikuja kunitembelea mwezi wa 5, baada ya zile sikukuu zao za mfululizo ambapo Japani nzima inakuwa barabarani. Tukakodi gari dogo, hizi za namba ya njano, injini haizidi sisi 660. Leseni yangu ni ya huku huku. Tulilala Hagi, tukaondoka asubuhi, usiku tukaingia Shimonoseki. Kwa njia fupi ni kama kilomita 100 na kidogo, kwa michepuko yetu zikawa nyingi zaidi. Siku moja tu. Nitaandika kwa vipande, nikitoka kazini.

Kuhusu kuendesha, Mtanzania au Mkenya atajisikia nyumbani: usukani kulia, unaendesha kushoto. Mambo manne tu yakae kichwani. Kwenye makutano ya reli unasimama kabisa, hata kama treni haionekani na kizuizi kiko juu, kila gari linasimama. Taa nyekundu hakuna kukata kona ya kushoto kijanja. Pombe usionje hata kidogo, maana hata abiria aliyekaa na dereva mlevi anaadhibiwa. Na kituo cha mafuta angalia rangi ya bomba: nyekundu ni petroli ya kawaida, njano ni petroli ya daraja la juu, kijani ni dizeli. Mdogo wangu alitaka kushika ya kijani kwa sababu aliipenda rangi, nikamkamata mkono.

#2 Mchangiaji, Dar

Dada endelea, nimeketi. Gari langu hapa mjini mpaka leo likiwashwa linasema "ETC kaado ga sounyuu sarete imasen". Miaka sita linanisalimia hivyo, sijui linasema nini.

#3 Mwenye uzi

Linakwambia kadi ya ETC haijachomekwa. ETC ni kifaa cha kulipia barabara za kasi: unapita langoni bila kusimama, pesa inakatwa kwenye kadi. Gari lako, kaka, bado linasubiri kadi ya mwenye gari wa kwanza. Tulipowasha letu pale Hagi likasema sentensi ile ile, mdogo wangu akapiga kelele, "Hili ni la Tanga!" Hata redio ya gari lako inayogoma stesheni za juu sababu ndiyo hiyo: masafa ya FM ya Japani yanaanzia 76, na redio zao nyingi za zamani hazifiki mbali zaidi ya 90.

Sasa Hagi.

Hagi ni mji mdogo kwenye mdomo wa mto, umekaa kwenye pembe ya mchanga kama Pangani ilivyokaa. Ukoo wa Mori ulihamishiwa hapa mwaka 1604 baada ya kushindwa vita, wakajenga ngome. Ngome ilibomolewa 1874, yamebaki mawe ya msingi na maji yanayoizunguka. Lakini mitaa imebaki. Wenyeji wanasema ramani ya enzi za masamurai bado inakufikisha unakokwenda, na ni kweli: kuta nyeupe, vichochoro, kona za mraba.

Juu ya kuta zile yananing'inia machungwa makubwa ya njano, natsumikan, chachu kiasi. Nikadhani ni pambo. Kumbe baada ya utawala wa zamani kuanguka masamurai walibaki hawana kazi wala mshahara, wakahimizwa kupanda machungwa kwenye viwanja vyao. Mtu aliyekuwa anatembea na panga mbili kiunoni akawa mkulima wa machungwa uani kwake. Mwezi wa 5 miti ile ina maua na matunda kwa pamoja, mji mzima unanukia. Saa moja asubuhi, watu hawajatoka, harufu ile imejaa kichochoroni... mwenye kukua karibu na mjasmini ataelewa.

Mji huu pia ndiko aliko­kuwa mwalimu Yoshida Shoin na kijidarasa chake cha mbao. Kidogo kama banda. Mmoja wa waliosoma pale, Ito Hirobumi, akawa waziri mkuu wa kwanza wa Japani mwaka 1885. Mkumbukeni jina hili, atarudi kwenye habari ya samaki.

Vyombo vya udongo vya Hagi sitavipitisha haraka. Ufundi wake uliletwa na wafinyanzi Wakorea waliochukuliwa wakati Hideyoshi, mtawala wa Japani, alipoivamia Korea, kati ya 1592 na 1598. Udongo wake una vinyweleo, na rangi ya juu ina nyufa nyembamba kama nywele. Chai inapenya humo miaka na miaka, kikombe kinabadilika rangi mkononi mwako. Wanauita mgeuko wa Hagi, mara saba. Nilinunua kikombe kimoja kidogo, bei iliniuma, siijutii.

Chai tulikunywa bandarini, kwenye kituo cha barabarani ambacho ni soko la samaki pia. Vituo hivi vinaitwa michi-no-eki, viko zaidi ya 1,200 nchi nzima: maegesho ya bure, vyoo safi saa 24, na mazao ya watu wa pale pale. Tulikuta ngisi waliotoka majini alfajiri, bado wanabadilika rangi.

#4 Mchangiaji, Mwanza

Mkuu hongera kwa uandishi. Swali la leseni: mimi nikija na kibali cha kimataifa nitaendesha?

#5 Mwenye uzi

Angalia jalada la kibali chako kaka. Japani inakubali kibali kilichotolewa chini ya Mkataba wa Geneva wa 1949. Cha Mkataba wa Vienna wa 1968 hawakikubali, hata kama kimepigwa mihuri kumi. Kinatumika mwaka mmoja tangu uingie. Thibitisha na ubalozi wao kabla hujalipia gari, na mambo ya viza uyamalize mapema. Ukikwama, panda na mwenye leseni ya huku, ugawane naye mafuta.

#6 Mwenye uzi

Naendelea. Hapa ndipo sababu ya uzi huu ilipo.

Kutoka Hagi unafuata 191 kuelekea magharibi, bahari kulia kwako, reli inakuja na kukukimbia. Nusu saa na kidogo unaingia Nagato. Magari karibu yote ya watalii yanaendelea mbele kwenda kwenye malango mekundu ya Motonosumi, nitayafikia. Sisi tulikata kulia Senzaki, tukavuka daraja fupi kwenda kisiwa cha Omijima, tukaenda mpaka mwisho wa barabara ambako kuna kijiji cha Kayoi.

Kayoi ni kijiji cha wavuvi. Nyumba zimebanana, vichochoro vya kupita mtu na toroli. Nami nikaingiza gari kimoja, nikakwama katikati ya kuta mbili. Mama mmoja mzee alitoka na aproni yake, hakusema neno, akasimama nyuma ya gari akanielekeza kwa viganja: kidogo, kidogo, simama, kata. Kama utingo wa daladala. Nilipotoka niliinama mara nyingi kushukuru. Akauliza tunakwenda wapi. Nikasema kaburini, kwa nyangumi. Uso wake ukabadilika, akatangulia mbele yetu akatuonyesha njia kwa miguu.

Kijiji hiki kiliishi kwa nyangumi tangu karne ya 17 mpaka mwanzoni mwa karne ya 20. Mashua ndogo za makasia, nyavu za katani, mikuki. Wanazungushia nyavu ghuba, wanamchosha, wanamchoma. Wana msemo wa zamani kwamba nyangumi mmoja huneemesha ghuba saba, na ulikuwa ukweli mtupu: nyama, mafuta ya kuwashia taa, mifupa ya mbolea, hakuna kilichotupwa. Mwaka ambao hakupatikana nyangumi ulikuwa mwaka wa njaa.

Nyangumi hawa walipita wakihama, na baadhi walikuwa na mimba. Walipompasua mama wakakuta mtoto tumboni, wavuvi hawakumla wala hawakumuuza. Walimzika. Mwaka 1692 wakasimamisha jiwe juu ya makaburi hayo, jiwe la matale refu kuliko mtu, na lipo mpaka leo kwenye uwanja wa kihekalu kidogo juu ya kijiji. Chini yake wamelala watoto wa nyangumi zaidi ya 70.

Kwenye jiwe kuna maandishi ya sala ya Kibuddha. Yule mama alitufafanulia polepole, kwa maneno ya mtoto wa shule ili nielewe: hata tungekurudisha baharini usingeweza kuishi peke yako, basi kaa hapa na sisi watu, ufike tunakofika.

Hekalu la kijiji, Kogan-ji, lina daftari la marehemu. Mahekalu mengi ya Kibuddha ya Japani yanalo. La Kayoi lina nyangumi. Kila nyangumi aliandikwa na akapewa jina la marehemu, kama anavyopewa binadamu akifa. Na kila mwaka wanawasomea kisomo, mpaka leo, kwa zaidi ya miaka 300, ingawa kijijini hajavuliwa nyangumi hata mmoja kwa miaka mia na ushei.

Nilikaa kwenye ngazi nikalia. Nitawaambia kwa nini.

Nilipokuwa darasa la tatu, baba alileta papa mkubwa, wakampasulia ufukweni. Ndani mlikuwa na watoto, nadhani saba au nane, wengine bado wanapiga mikia. Wavuvi wenzake wakacheka, mmoja akasema supu ya bure. Baba hakucheka. Aliwaokota wote akawaweka kwenye kikapu, akaondoka nacho kuelekea mlango wa mto, akarudi kikapu kitupu. Siku ile hakusema na mtu mpaka usiku. Mama alituzuia tusimuulize, na hatukumuuliza tena. Nina miaka 34 sasa.

Pale kwenye ngazi za Kayoi mdogo wangu alinitazama akasema, "Unamfikiria mzee na kikapu." Sikujua kama naye anakumbuka. Alikuwa na miaka mitano.

#7 Mchangiaji, Arusha

Dada, umenifanya nisimamishe kazi ofisini. Endelea.

#8 Mchangiaji, Dar

Sitaki kuharibu uzi mzuri, lakini niulize kwa heshima. Japani si ndiyo nchi inayovua nyangumi mpaka leo na dunia inaipigia kelele? Sasa unaua mama, unamla, halafu unamjengea mtoto kaburi. Huo si unafiki?

#9 Mwenye uzi

Swali la haki kaka, na nililibeba siku nzima.

Ni kweli. Japani ilijitoa kwenye tume ya kimataifa ya nyangumi mwaka 2019 na mwezi wa 7 mwaka ule ule ikarudia uvuvi wa biashara kwenye maji yake. Meli mama mpya ya kazi hiyo, Kangei Maru, ilikamilika 2024, na ilijengwa Shimonoseki, mji huu huu ninaouelekea kwenye uzi. Mimi binafsi siungi mkono. Nyangumi anazaa kwa nadra na bahari siyo ile ya 1692, na meli ya chuma yenye kuona mbali siyo mashua ya makasia.

Lakini watu wa Kayoi sitawaita wanafiki. Mnafiki huficha alichofanya. Hawa waliandika. Wangeweza kumtupa yule mtoto baharini na kusahau, papa wangemla, nani angejua? Walichagua kitu kitakachowakumbusha kila wakipita na makasia begani. Na hawakusema hatukuua. Walisema tumeua, na huyu hatukumkusudia. Sisi wa pwani tunajua mvuvi anamshukuru Mungu kwa riziki na papo hapo anaona uhai unatoka. Baba yangu aliendelea kuvua papa baada ya siku ile. Alikuwa na watoto watano wa kulisha.

#10 Mchangiaji, Dar

Nimekuelewa. Sikubaliani na yote ila nimekuelewa. Twende.

#11 Mwenye uzi

Senzaki, pale darajani, ndiko alikozaliwa mshairi Kaneko Misuzu mwaka 1903. Alikufa akiwa na miaka 26. Mtaa wa nyumbani kwao una mistari yake kwenye vibao milangoni. Yule mama mzee wa Kayoi alipotaja watoto wa nyangumi alimtaja naye papo hapo, kama mtu wa ukoo mmoja.

Motonosumi sasa. Haya ndiyo malango mekundu mliyoyaona kwenye picha: torii 123 zimepangwa mstari, zinashuka mlimani mpaka karibu na majabali na mawimbi. Jinja yenyewe, yaani hekalu la Kishinto, siyo ya kale. Ilianza 1955, mvuvi wa pale alipotokewa ndotoni na mbweha mweupe. Malango yalianza kusimamishwa 1987, ikachukua miaka kumi. Rangi ile nyekundu, majani ya kijani, bahari ya buluu nzito: ni pazuri kweli, sitawadanganya. Sanduku la sadaka liko juu kabisa ya lango kubwa, unarusha sarafu kutoka chini na ikiingia dua yako imepita. Mdogo wangu aliingiza ya tatu. Mimi nilirusha kumi na moja.

Chini kuna jabali lenye tundu ambapo wimbi likija na upepo wa kaskazini maji yanaruka juu kama nyangumi anavyopuliza. Siku yetu bahari ilikuwa shwari, tundu lilihema tu. Jina lake linataja Ryugu, jumba la mfalme wa bahari kwenye hadithi zao. Watu walikuwa wengi, tulikaa dakika arobaini tukaondoka.

Njiani mabonde yana matuta ya mpunga yanayoshuka kama ngazi kuelekea baharini. Mwezi wa 5 yamejazwa maji, na usiku taa za mashua za ngisi huonekana nyuma yake. Sisi tulipita mchana. Hilo nimelikosa na nitalirudia.

#12 Mchangiaji, Muscat

Assalaam aleikum dada. Mola akuzidishie. Sisi Waislamu tutakula nini njia hiyo?

#13 Mwenye uzi

Waaleikum salaam kaka. Tuseme ukweli, njia hii haina mikahawa ya halali. Samaki, ngisi na wali vipo kila mahali, lakini jihadhari: mirin ni pombe ya kupikia na inaingia kwenye michuzi mingi, na hata sosi zao nyingi za soya zina kileo. Omba samaki wa kuchoma kwa chumvi, sema shio-yaki. Sisi tulibeba wali, mayai na ndizi kutoka Hagi, tukaongezea ngisi wa kuchoma wa vituo vya barabarani tuliowaomba bila mchuzi. Matunda tele.

Kwa hiyo chakula maarufu cha njia hii nimekiona kwa macho tu: kawara soba, cha Kawatana, kijiji cha chemchemi za maji moto kabla ya Shimonoseki. Tambi za chai ya kijani zinakaangwa juu ya kigae cha paa, kigae chenyewe kikiwa cha moto, na nyama ya ng'ombe, mayai yaliyokatwa nyuzi, ndimu juu. Wanasema wazo lilitoka kwa askari wa vita vya 1877 waliochoma nyama juu ya vigae wakiwa wamezingira ngome. Meza ya jirani ilikuwa inatoa sauti ya kukaanga muda wote tuliokaa na chai yetu.

#14 Mwenye uzi

Tsunoshima.

Unakuja na barabara, miti, kona, halafu ghafla bahari inafunguka na daraja limelala juu yake. Mita 1,780. Lilifunguliwa tarehe 3 Novemba 2000, na kulivuka ni bure. Waliojenga waliamua liwe chini, lisizibe macho, na lilipofika karibu na kisiwa kidogo kinachoitwa Hatojima wakalipindisha likizunguke badala ya kukipasua. Ndiyo maana lina ile kona laini. Kusimama darajani hakuruhusiwi, kwa hiyo egesheni upande wa bara, pale kwenye kibustani cha juu, mtazame kwanza.

Maji ni ya rangi ya Unguja. Sikutegemea. Kijani cha karibu, buluu ya mbali, mchanga mweupe chini. Mdogo wangu akawa anasema "Nungwi, Nungwi" peke yake. Kisha akaweka mguu majini akaruka nje, baridi ya mwezi wa 5 ya Bahari ya Japani siyo Nungwi.

Kisiwani tulikwenda moja kwa moja kwenye mnara wa taa. Huu nauweka wa pili baada ya Kayoi. Uliwashwa mara ya kwanza tarehe 1 Machi 1876, ukasanifiwa na mhandisi wa Kiskoti, Richard Henry Brunton, aliyejengea Japani minara mingi enzi ile nchi ilipofungua bandari zake. Ni wa mawe ya matale, haukupakwa rangi kabisa, unaona kila jiwe lilivyochongwa. Karibu mita 30. Unalipa yeni 300, unapanda ngazi 105 za kuzunguka, mwishoni kingazi cha wima, na unatokea kwenye upepo. Minara ya kupandika Japani ni 16 tu. Juu kuna lenzi kubwa ya kioo, tabaka juu ya tabaka, inayokusanya mwanga wa taa moja na kuutupa baharini.

Upepo ulikuwa mkali mno, nilishika chuma kwa mikono miwili. Chini mashua mbili za uvuvi zilikuwa zinarudi. Mdogo wangu alizihesabia muda kwa saa mpaka zikaingia bandarini, ndivyo baba alivyotufundisha: ukiona chombo, kisindikize kwa macho mpaka kifike.

#15 Mchangiaji, Mombasa

Dada, ukifika Shimonoseki useme habari za fugu. Huyo si bunju huyo? Kwetu bunju anaua watu na paka.

#16 Mwenye uzi

Ndiye bunju, kaka, na sumu ni ile ile, haiondoki kwa kupika na haina dawa. Iko zaidi kwenye ini na mayai. Huku mpishi haruhusiwi kumgusa bila leseni maalumu. Hideyoshi aliwapiga marufuku askari wake waliokusanyika kwenda Korea wasimle, maana walikuwa wanakufa kabla ya vita. Marufuku hiyo ikaendelea kwa sura mbalimbali mpaka 1888, baada ya Ito Hirobumi (yule wa Hagi) kuandaliwa bunju Shimonoseki kwenye nyumba ya Shunpanro na kuona utamu wake, mkoa wa Yamaguchi ukaruhusiwa. Wenyeji hawasemi fugu, wanasema fuku, maana fuku ni baraka. Mnadani mnunuzi anaingiza mkono kwenye mfuko mweusi alioushika dalali na kutaja bei kwa vidole, wengine wasione. Nyumba ile ile ya Shunpanro ndiko Japani na China zilikotia saini mkataba wa 1895.

Sikumla. Nimekua nikiambiwa bunju usimguse, na mafunzo ya bibi hayatoki kwa leseni ya mtu.

#17 Mwenye uzi

Kipande cha mwisho cha siku.

Tuliingia Shimonoseki jua linazama. Hapa Honshu inaisha na Kyushu iko ng'ambo, mkondo katikati unafika upana wa kama mita 650 tu pale palipobana. Daraja la Kanmon la 1973 liko juu, na chini ya bahari kuna njia ya waenda kwa miguu, mita 780, ya tangu 1958, bure. Katikati kuna mstari umechorwa sakafuni: mguu mmoja Yamaguchi, mguu mwingine Fukuoka, bahari juu ya kichwa.

Maji ya hapa, jamani. Yanageuka mara nne kwa siku, yakijaa na kupwa, na yakikaza yanakwenda kama mto wa masika. Ukingoni kuna ubao mkubwa wa umeme unaowaambia manahodha mkondo unaelekea wapi, kasi gani, unaongezeka au unapungua. Herufi, namba, mshale. Nahodha wa meli yenye ghorofa kama jengo anasoma kile baba alikuwa anasoma kwa kutazama mwani unavyolala.

Ufukwe huu ndio Dan-no-ura. Mwaka 1185 koo mbili, Heike na Genji, zilimalizana hapa kwa majahazi. Husimuliwa kwamba maji yaligeuka na vita vikageuka nayo. Heike waliposhindwa, bibi yake mfalme mtoto, Antoku, wa miaka sita hivi, alimkumbatia akamwambia chini ya mawimbi nako kuna mji mkuu, akajitosa naye. Jinja ya Akama, yenye kumbukumbu yake, iko ng'ambo ya barabara tu, na lango lake limejengwa kwa mfano wa Ryugu, jumba la mfalme wa bahari, ili ahadi ya bibi isiwe uongo. Kaa wa bahari hii wana gamba lenye sura kama uso wenye hasira, watu wanasema ndio mashujaa wa Heike.

Tulikula mayai yetu ya mwisho kwenye ukingo wa saruji, meli zikipita karibu kiasi cha kusikia injini kifuani. Ikapita moja ya kubeba magari, refu, nyeupe, bila madirisha. Mdogo wangu akaipungia. "Salimia Dar," akasema, ingawa hakuna aliyejua inakwenda wapi.

Ukifika Ijumaa kama sisi, lala pale pale. Jumamosi asubuhi soko la Karato wauza samaki wanageuza meza zao kuwa vibanda vya sushi, unanunua kipande kimoja kimoja na kula nje ukitazama mkondo.

#18 Mchangiaji, Mwanza

Dada, mzee umemsimulia habari za Kayoi?

#19 Mwenye uzi

Samahani kwa kuchelewa, zimepita siku nne.

Nilimpigia Jumapili. Ana miaka 71, haendi tena baharini, anashona nyavu za wengine. Nikamtumia picha ya jiwe kwanza, kisha nikamweleza, polepole, maana simu ilikuwa inakatika. Mwaka, idadi, daftari, majina. Alisikiliza bila kuitikia, mpaka nikadhani mtandao umekwenda.

Kisha akauliza, "Mama zao waliwala?"

Nikasema ndiyo baba, waliwala.

Akanyamaza. Nikasikia kuku, na mtu anapita na baiskeli.

Akasema, "Wale wa papa niliwafukia pale mlangoni, juu ya maji ya bamvua yasikofika, chini ya mkungu. Sikumwambia mtu, ningechekwa."

Nikamuuliza kama mkungu bado upo.

"Upo," akasema. "Mkija Disemba nitawaonyesha."